Plagi ya Nne

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na stendi ya Bukoba ilikuwa matope matupu, wapiga debe wa Karagwe na wa Muleba wakigombea abiria mmoja kama mpira wa kona. Katikati ya zogo hilo likaingia gari la bluu, Subaru ya tabo, bomba lake la moshi likinguruma hadi kuku waliofungwa miguu wakapiga kelele. Likasimama mbele ya duka la vipuri la Mzee Najibu. Akashuka kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Samahani dada, fundi yuko wapi?"

Msichana wa nyuma ya kaunta hakuinua kichwa. Alivaa gauni la kitenge cha kijani na mtandio wa rangi ya maziwa.

"Unamwona."

"Namwona msichana mzuri. Fundi simwoni."

"Basi huyo msichana mzuri hauzii vipofu. Jaribu duka la pili."

Kijana akacheka, akaegemea kaunta. Aliitwa Twaibu, mchomeleaji wa mageti kutoka Nshamba, na lile bomba alilichomelea mwenyewe.

"Gari linamisi, linakatakata moto nikipanda mlima. Nimefunga tabo kubwa ya kuisukumia injini hewa, presha nimeipandisha. Nipe plagi zilezile za kitabu."

"Za kitabu ni za gari la kitabu. Lako si la kitabu tena." Sasa msichana, Zabibu binti wa Mzee Najibu, alimtazama, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Injini yako inachemka zaidi, inataka plagi ya baridi kwa daraja moja. Na mwanya wa kitabu ni milimita moja na pointi moja. Kwa presha hiyo, tabo itaipuliza cheche kama mtu anayezima kibatari. Nakuwekea sifuri pointi sita."

Akachukua fila, kile kijichuma chembamba cha kupimia mwanya, akakipitisha kwenye ncha ya plagi, akagonga taratibu, akapitisha tena. Ukutani nyuma yake Mzee Najibu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAITOKI BILA KUPIMWA.

"Kitendawili," akasema Zabibu huku akigonga.

"Tega."

"Nina wana wanne, hawaonani, wanaamka kwa zamu. Mmoja akilala, nyumba nzima inatetemeka."

Twaibu akafikiri, akakuna kichwa. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Nshamba."

"Nshamba ndogo."

"Haya, chukua Muleba yote, mpaka Buganguzi na ndizi zake!"

"Nimechukua. Jibu unalo kwenye boksi, baba." Akamsukumia plagi zake nne.

Mapenzi yao yalianzia hapo, yakaendelea kwa simu. "Umekula, malkia wa Muleba?" "Nimekula, wewe moshi mtupu." Miezi sita. Mpaka Mzee Najibu akajua, akakunja uso.

"Yule wa gari la kelele? Mustapha muuza vitambaa naye ameleta neno. Haya, nimpe nafasi huyo wako. Jumamosi, kabla ya Alasiri, wazee wake wawe nyumbani kwangu na barua ya posa. Ikipita Alasiri nawasikiliza watu wa Mustapha."

Alhamisi Twaibu akaja kuchukua plagi mpya za safari ya posa, maana gari lingepanda mlima na wazee wanne. Zabibu akapima ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoishika ya nne, Twaibu akainama karibu na mtandio wake.

"Baba mkubwa ameshapiga pasi koti. Jumamosi unakuwa wangu, Zabibu."

Fila ikasimama hewani. Mzee Najibu akakohoa kule nyuma. Zabibu akashtuka, akaitia plagi kwenye boksi, akalifunga haraka, mashavu yanamwaka.

Jumamosi nyumba ilinukia pilau na udi. Zabibu alikaa chumbani, hina imemkauka mikononi, simu yake kwa shangazi, maana anayeposwa hashiki simu. Saa saba. Saa nane. Kila gari lililonguruma lilimnyanyua. Kisha adhana ya Alasiri ikasikika, na mlangoni hapakuwa na mtu wa Nshamba. Baada ya swala wakaingia watu wa Mustapha, kanzu zinang'aa, wanatabasamu.

"Jibu mtalipata Jumatano," baba yake akawaambia.

Jioni shangazi akarudisha simu. Miito kumi na tisa ya Twaibu. Zabibu akapiga.

"Umeniuzia plagi feki," Twaibu akasema, hata salamu hakutoa.

"Twaibu, nini kimetokea?"

"Mpando wa Muhutwe! Kila nikikanyaga mafuta gari linakohoa, linapiga risasi nyuma kama vita. Baba mkubwa akashuka na koti lake, akasema njia imekataa, ndoa hii ina mkosi. Wote wakageuza. Na nasikia watu wa Mustapha walikuwa barazani muda huohuo. Mlipanga?"

"Mimi? Mimi niliyekaa na hina kama mwehu?"

Simu ikakatwa. Jumapili hakupokea. Jumatatu hakupokea. Zabibu hakula, alilala chali akihesabu mabati. Hakuwa na mwingine anayemtaka duniani, na Jumatano ilikuwa inakuja. Mwishowe akaandika: "Zifungue. Nitumie picha ya zote nne. Baada ya hapo nichukie."

Picha ikafika Jumanne mchana. Plagi tatu zilikuwa kavu, rangi ya biskuti. Ya nne ilikuwa nyeusi, imelowa petroli, mwanya wake umeachama.

Zabibu akaketi sakafuni dukani. Aliikumbuka fila ikisimama hewani.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini angenyamaza, Twaibu angebaki akiamini ametapeliwa, na yeye angeolewa na Mustapha. Akainuka, akaenda nyuma ya duka.

"Baba. Plagi ya nne ya Twaibu sikuipima."

Mzee Najibu akaweka chini kikombe. "Miaka saba unapima hapa. Uliwahi kuruka?"

"Sijawahi."

"Hiyo uliirukaje?"

"Aliniambia Jumamosi nitakuwa wake. Mikono ikasahau." Machozi yakamshuka. "Kosa si lake, baba. Wala si la njia."

Mzee akainuka, akaingia dukani, akayatazama maandishi yake mekundu.

"Lete funguo za duka."

Zabibu akampa, moyo umekufa.

Mzee akashika kufuli la kufungia duka, mchana kweupe. "Lete fila. Na plagi nne mpya. Wageni wangu wamekwama kwa kosa la duka langu. Mustapha atapata jibu lake la heshima, lakini si la ndiyo."

Kufika Nshamba, walimkuta Twaibu kwenye karakana yake, macho mekundu kama aliyechomelea bila miwani. Baba yake mkubwa, Mzee Ndyamukama, alikaa kwenye kigoda, hakusimama.

"Njia ilikataa," akasema.

"Njia haikukataa, waitu, mzee mwenzangu. Binti yangu alisahau kupima, na aliyemsahaulisha ni kijana wako. Lawama nipe mimi." Mzee Najibu akapiga magoti na kanzu yake kwenye vumbi la chuma, akapima plagi tatu. Ya nne akaiweka kwenye kiganja cha Zabibu. "Pima."

Akapima mbele yao wote. Pointi sita. Twaibu akazifunga. Mzee Ndyamukama akaingia garini, Twaibu akaendesha, wakapanda mlima mpaka juu, wakarudi. Gari halikukohoa hata mara moja. Mzee akashuka, akatoa kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni, akampa Mzee Najibu, kisha akaingiza mkono kwenye koti lake. Barua ya posa ilikuwa bado humo, imekunjamana pembeni.

Kando ya gari, Twaibu hakuweza kumtazama Zabibu usoni.

"Ulisema tulipanga," akasema Zabibu.

"Nilisema."

"Hilo si la plagi, Twaibu. Hilo ni lako."

"Ni langu. Nisamehe."

Kule nyuma wazee walikuwa wanatafuna kahawa na kucheka.

"Kitendawili," Twaibu akanong'ona.

"Tega."

"Nimekwenda kuoa, nikaishia mlimani. Nimekaa nyumbani, bibi harusi akanijia na baba yake."

Jibu Zabibu alikuwa nalo. Alimtazama, shati jeupe lina masizi mpaka kwenye kola, akatikisa kichwa.

"Nimeshindwa," akasema. "Chukua Bukoba."