Kungoja Moshi Utoke

Maduhu hakuwa na viatu, hakujua kusoma wala kuandika, hakuwa na baba wa kumpelekea posa, na zaidi ya yote hakuwa na subira. Siku moja ya mwaka 1936 alisimama stesheni ya Shinyanga akimfokea karani kwa sababu treni ya Mwanza imechelewa.

"Kaka, treni haina masikio," alisema msichana mmoja nyuma ya ungo wa maandazi, kanga mpya ya manjano begani. "Kula kwanza. Maandazi yatapoa, ugomvi wako hautapoa."

Huyo ndiye Mwasiti. Treni ilipofika, Maduhu hakutaka tena kuipanda.

Waliahidiana kuoana, naye akaenda Geita kuchimba dhahabu. Kila wiki alimwandikisha karani wa kambi barua. Masika yalipoingia, majibu yakakoma. Wiki ya sita Maduhu akaamini Mwasiti amepata mwingine, akaandikisha barua ya matusi, akampa tarishi aendaye kwa miguu siku ileile. Siku ya tatu likafika lori lililokuwa limekwama matopeni, na ndani yake barua sita za Mwasiti, zote za mapenzi.

Jibu la Mwasiti kwa matusi yale lilikuwa fupi. "Nimekusamehe, lakini kuolewa nawe bado. Itakuwaje siku ugali ukiungua? Ukiitawala hasira yako, niandikie kwa mkono wako mwenyewe."

Maduhu alimweleza mnyapara wake, mzee Makoye.

"Baruti ikilipuka, tunafanya nini?" aliuliza Makoye.

"Tunangoja moshi utoke."

"Na anayeshuka shimoni mapema?"

"Anakufa, mzee."

"Haya. Na wewe ngoja."

Jioni alijifunza herufi. Mchana alijifunza kungoja. Akitukanwa, akiibiwa blanketi, alisimama, akavuta pumzi taratibu mpaka kifua kitulie, ndipo akasema. Mara nyingi mwanzoni alishindwa. Wenzake walimcheka wakamwita Bwana Moshi. Kufika mavuno, waliogombana walimwita yeye awapatanishe.

Barua yake ya kwanza ilimchukua siku nne. Alipoimaliza, jirani yake Maige akaimwagia chai. Kambi nzima ikageuka kumtazama. Maduhu alifumba macho, akangoja.

"Nipe karatasi nyingine, ndugu yangu," alisema.

Akaandika: "Mwasiti mpenzi, hii ni ya pili. Ya kwanza imelowa chai, na sikugombana na mtu. Taja siku, mzee Makoye alete posa."

Akailaza mpaka asubuhi, akaisoma tena. Hakuona neno la kufuta. Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akampa dereva wa lori.