Hadubini za Siku ya Wageni

Siku hiyo ya wageni, langoni mwa chuo watu walijaa kama siafu. Mpokezi wa kliniki ya meno, aliyemsindikiza mdogo wake kuja kukiona chuo, alisukumwa na umati hadi kisigino cha kiatu chake kikazama kwenye changarawe. Angeanguka kifudifudi na gauni lake la zambarau alilolipiga pasi asubuhi, kama kijana mmoja asingemdaka mkono.

"Pole, dada. Chuo hiki kinapenda watu hadi kinawashika miguu."

"Na wewe je? Mbona mkono wangu bado unao?"

Kijana akauachia, akicheka. Alikuwa mwanafunzi wa hapo, amevaa fulana ya kijani ya watembeza wageni. Wenzake walimwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake. Ikatokea kwamba kundi lake ndilo walilopangiwa mpokezi na mdogo wake, Kitinda, binti aliyetaka kusomea kazi za maabara.

Kipaza aliwapitisha njia aliyoelekezwa na ofisi: maktaba, bustani, ukumbi uliotoka kupakwa rangi. Mabweni ya nyuma, yenye mabomba makavu, hawakuyaona. Kila alipogeuka kueleza jambo, macho yake yalitua kwa mpokezi, naye mpokezi akajifanya anasoma mabango.

Kwenye maabara, hadubini mpya zilipangwa mezani, zinang'aa. Kitinda aliinamia moja, akakawia. Alikuwa ameshakubaliwa na chuo kingine, cha mji wa mbali, ambacho majengo yake yalimkatisha tamaa kwa kuchakaa.

"Kaka, hizi wanafunzi wanazitumia kweli, au ni za wageni?"

Kipaza alijua hutolewa kabatini siku kama hiyo tu. Alimtazama dada mtu. Mdogo akienda mbali, huyu hatarudi tena hapa.

"Kila wiki," alisema.

Kitinda akakichagua chuo hicho. Kila Jumamosi mpokezi akawa anakuja kumwona mdogo wake, na akiondoka anasindikizwa na Kipaza. Siku nyingine zikawa za simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umepiga mswaki?"

"Mara mbili. Naogopa kuachwa."

"Uogope. Jino likitoboka tu, mimi na wewe basi."

Kitinda naye alishaanza kumwita shemeji. Alipomwuliza kuhusu hadubini, shemeji alimwambia avute subira, zitatolewa. Akavuta subira hadi mwaka ukaisha. Hospitali aliyopelekwa kwa mazoezi ikamrudisha, kwa kuwa hakujua hata kuandaa tone la damu kwenye kioo. Alirudi chuoni akilia, na mtunza maabara akamwonea huruma, akamweleza yote.

Jioni ile mpokezi alimpigia Kipaza simu.

"Zile hadubini. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo ofisi iliwatuma mtuvishe kilemba cha ukoka. Mdogo wangu kauziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nikawa kamba ya kulifungia."

"Si hivyo, mpenzi. Nisikilize."

"Hilo jina liache."

Akakata. Kipaza alipiga tena na tena, simu ikaita mpaka ikachoka. Kitinda alihamia kile chuo cha mbali, akaanza upya mwaka wa kwanza na watu aliowatangulia shule.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Kipaza aliingia kliniki na shati jeupe lililonyooka, akakaa kati ya wagonjwa walioshika mashavu. Walipopungua, alisogea mezani.

"Jino gani?" mpokezi aliuliza bila kuinua uso.

"Si jino. Nimekuja kuomba msamaha. Na ukinisamehe, nataka nikuoe."

Mpokezi aliinua macho. Alimwona amekonda, na moyo ukamruka bila ruhusa yake.

"Nimeacha kutembeza wageni," Kipaza aliendelea. "Nikifika pale maabara, mdomo haufunguki. Lakini ofisi haikunituma kwako. Nilikupenda tangu langoni. Nilidanganya ili urudi."

Mpokezi alimwamini. Kwa miezi yote hiyo alitamani kusikia maneno hayo, ila sasa yalimwingia vibaya.

"Kitinda angekuja peke yake siku ile, ungemjibu nini?"

Kipaza alitazama sakafu. "Ningemwambia ukweli."

"Basi heri ungekuwa umetumwa," mpokezi alisema taratibu. "Ningekuchukia, yakaisha. Sasa nitaishije na wewe, na kilichomponza mdogo wangu ni kupendwa kwangu?"

"Yeye ameshanisamehe. Alinipigia."

"Najua. Ana moyo mweupe, ndiyo maana alikuamini."

Kipaza akaaga kwa sauti ndogo, akashuka ngazi. Mpokezi alisimama dirishani mpaka lile shati jeupe likapotelea kati ya watu.

Namba yake hakuifuta. Wala hakuipiga.