Saini ya Mkaguzi

Jua lilikuwa linazama mkaguzi alipokwenda kwa rafiki yake kuchukua michoro ya zamani ya pampu. Miaka kumi na miwili walikaa meza moja: mmoja anachora, mwenzake anakagua kwa kalamu nyekundu na kutia saini. Kisha mchoraji akaacha uhandisi, akaanza kuandika hadithi za watu wanaosafiri kwenda miaka ijayo. Vitabu vikanunuliwa kama njugu. Mkaguzi alimwonea wivu, tena ule wa kukosesha usingizi.

Ofisini walitania kwamba jamaa ana jini stoo, ila ni jini la kiofisi: halifanyi lolote bila karatasi yenye saini.

Mke wa mwandishi alimfungulia, mtoto mgongoni. Akamwambia mumewe amejifungia stoo tangu saa nane, amekataza kuitwa.

"Ingia tu, shemeji. Michoro iko mezani."

Mezani palikuwa na mchoro mwingine. Mashine. Mistari safi, ya kutia uchungu. Pembeni: *Muda wa safari, saa tano. Kurudi, leo saa moja jioni.*

Ya kitabu kipya, hiyo. Roho ikamuuma. Akafuta "saa tano", akaandika "miaka arobaini". Wasomaji wamcheke, basi.

Na mkono, kwa mazoea tu, ukatia saini chini.

Taa ikafifia.

Ikaja harufu ya waya unaoungua... Halafu, ndani ya stoo, mtu akagonga.

Ko. Ko. Ko.

Saa moja kamili mlango ukafunguka. Akatoka mzee, mvi tupu, mgongo umepinda. Shati lilikuwa la rafiki yake, limechakaa likawa nyuzi.

"Mtoto..." alinong'ona. "Bado ananyonya?"

Mkaguzi akaitika kwa kichwa. Hata hapo, Mungu amsamehe, wivu ulimchoma: mashine imefanya kazi.

Mzee aliuona mchoro, akalia.

"Nimepiga hesabu miaka yote, ndugu yangu. Wewe ulikuwa hodari wa kukagua. Niangalizie, nilikosea wapi?"

Mkaguzi alikuwa ameweka kiganja juu ya karatasi. Wino ulikuwa mbichi, aliuhisi ukimshika ngozi. Hakuinua mkono.

Nyuma yao mke alikuwa amesimama mlangoni, akimbembeleza mtoto.

"Shemeji," akauliza taratibu, "huyu mzee ni nani?"