Umeme wa Marehemu Wekoye

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa Septemba mwaka wa 2009, nilikuwa ofisini mwangu mjini Bungoma nikisoma viambatisho vya hati ya kiapo, kazi ambayo haijawahi kumwogofya mtu yeyote. Chai ilikuwa mezani. Dirishani nilisikia trekta za miwa zikipita kuelekea kiwandani. Mteja wangu alikuwa Phelista, binamu yangu upande wa mama na mjane wa Festus Wekoye. Aliyeshtakiwa alikuwa shemeji yake Bramwel, mdogo wa marehemu. Kilichogombaniwa ni nyumba ya mawe ya vyumba vitatu mjini Kitale, karibu na uwanja wa maonyesho ya kilimo.

Mimi ni wakili. Nimezoea kutenganisha yaliyothibitishwa kwa hati, yaliyosemwa na watu, na niliyoyaona kwa macho yangu. Nitafanya hivyo hapa pia, na msomaji ana haki ya kukataa lolote kati ya hayo.

Nianze na yenye hati. Festus alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kinu cha mahindi pale Kitale, na vumbi la unga likamharibia mapafu. Alipostaafu, waumini wenzake wa kanisa la Lugulu walichanga wakamnunulia mashine ya oksijeni, yenye ukubwa wa sanduku dogo la safari, iliyounguruma kando ya kitanda chake mchana na usiku. Bila umeme, mashine ile ilikuwa sanduku tu. Bramwel alikuwa na duka la intaneti mjini humo, saiba yenye kompyuta tano, ambako watu walianza kulipia bili zao kwa mtandao badala ya kupanga foleni. Kila mwezi Festus alimpa mdogo wake pesa za umeme, na kila mwezi Bramwel alimletea risiti iliyochapishwa.

Tarehe kumi na saba Machi, saa tisa alasiri, mafundi wa kampuni ya umeme walipanda nguzo. Phelista aliwakimbilia na risiti mkononi. Mkubwa wao aliisoma, akampigia mtu simu, kisha akamrudishia kwa upole. Karatasi ilikuwa na nembo, namba ya akaunti na tarehe. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa malipo. Bili ya miezi mitatu haikuwa imelipwa. Phelista alikimbia hadi saiba, akamkosa Bramwel, akarudi. Mashine ilikuwa imenyamaza kwa dakika hamsini. Alimkuta mumewe kati ya kitanda na dirisha.

Je, Bramwel alikusudia kuua? Sijui. Alikula pesa na akaghushi risiti. Hayo ningeweza kuyathibitisha mbele ya hakimu yeyote.

Sasa niliyoambiwa. Siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ulipokutana Kabuchai kunyoa nywele na kusikiliza madai yanayomhusu marehemu, Bramwel alisimama akatangaza kwamba nyumba ya Kitale ni ya ukoo na yeye ndiye atakayeitunza.

"Huyu mama alikuja hapa na begi moja," alisema. "Aende na begi moja."

"Na wewe umekuja na nini, Bramwel?" Phelista aliuliza. "Hata hiyo koti ni ya Festus."

Watu walicheka, hata waliokuwa upande wa Bramwel. Kisha, wanasema, Phelista alimsogelea akaongea kwa sauti ya chini sana, na mwanamke mmoja aitwaye Nakhungu, aliyekuwa akigawa chai, ndiye aliyesikia.

"Ukitaka nyumba, chukua. Lakini toa jina lake kwa bili ya stima kwanza. Usimlipie mtu amelala."

"Jina likitoka ni lazima wewe utie sahihi," Bramwel alijibu. "Ati nikupigie magoti? Jina litakaa hapo hapo."

Alikuwa sahihi kisheria. Akaunti ya marehemu haibadilishwi bila hati ya usimamizi wa mirathi, na mwenye haki ya kwanza ya kuiomba hati hiyo alikuwa mjane.

Bramwel alibadilisha kufuli. Phelista alihamia mtaa wa Kipsongo, chumba kimoja cha mabati, akauza omena, wale dagaa wa ziwani. Nilifungua kesi, na mahakama ikaamuru nyumba ikae tupu mpaka iamuliwe. Hapo ndipo Bramwel alipofanya jambo ambalo yeyote mwenye ujanja nusu angelifanya. Alilipa deni, umeme ukarudishwa, akaanza kuulipia. Yule aliyeacha kulipa kakake alipokuwa hai sasa alilipa kila mwezi, kwa mtandao, kabla ya siku ya mwisho, ili aonekane kuwa ndiye mwenye kuitunza nyumba. Kisha akaambatisha malipo hayo kwenye kiapo chake.

Hayo ndiyo makaratasi niliyokuwa nikiyasoma asubuhi ile. Nilitafuta pengo katika tarehe. Halikuwepo. Nikaangalia matumizi, kwa mazoea tu.

Juni, yuniti 252. Julai, yuniti 260. Agosti, yuniti 260.

Nyumba ilikuwa tupu.

Nilimpigia Phelista simu. Aliniambia mashine ilirudishwa kanisani baada ya mazishi. Alasiri hiyo niliendesha gari hadi Lugulu, nikaonyeshwa mashine stoo, waya wake umeviringwa na kufungwa kwa mpira, vumbi juu yake. Niliinama nikasoma kibandiko cha nyuma: wati 350. Nilipiga hesabu kwenye simu yangu, pale pale, nimechutama. Wati 350 kwa saa ishirini na nne, kwa siku thelathini: yuniti 252. Kwa siku thelathini na moja, ukiacha desimali: yuniti 260.

Niliirudia hesabu mara tatu. Kisha nikaipangusa mashine vumbi, sijui kwa nini, nikaondoka.

Mtu anayefikiri vizuri huanza na maelezo ya kawaida. Mita mbovu. Jirani anayeiba umeme. Niliomba ruhusa ya ukaguzi, na mahakama ikakubali.

Tuliingia katikati ya Oktoba, alasiri yenye jua baada ya mvua. Tulikuwa watatu: mimi, Bramwel, na fundi umeme wa kujitegemea aitwaye Mukhwana, ambaye hakumjua yeyote kati yetu. Phelista alibaki nje langoni; alikataa kuvuka. Nilimwona Bramwel kwa mara ya kwanza tangu Machi. Alikuwa amekonda, na kola ya shati lake ilikuwa imelegea shingoni.

Mukhwana aliipima mita. "Hii iko sawa kabisa. Na hakuna waya inatoka nje," alisema. "Lakini angalieni. Inazunguka."

Kisahani ndani ya mita kilikuwa kikizunguka taratibu, bila kusita. Tulipita chumba hadi chumba. Hapakuwa na balbu hata moja. Hapakuwa na friji, redio wala pasi. Soketi zote zilikuwa wazi. Katika chumba cha kulala palikuwa na kitanda bila godoro.

Na mngurumo.

Nausema ulivyokuwa. Ulikuwa wa chini, usiobadilika, na kila baada ya muda mfupi ulifuatwa na mfyonzo, kama hewa inayovutwa kupitia mpira mwembamba. Ulitoka kando ya kitanda, usawa wa goti. Nilipiga goti. Sakafu ilikuwa tupu. Niliweka kiganja juu ya saruji. Ilikuwa na joto.

"Mnasikia?" Mukhwana alinong'ona.

Niliitikia kwa kichwa.

"Nazima swichi kuu," alisema, akatoka haraka.

"Usizime," Bramwel alisema. "Fundi! Usizime, nakuomba!"

Swichi ililia. Mngurumo ukakatika.

Bramwel alishika ukuta. Mdomo wake ulifunguka. Kifua hakikupanda. Aliteleza hadi chini, vidole vikikwaruza rangi, na macho yake yalikuwa kwangu. Midomo ikawa ya buluu. Nilipiga kelele. Swichi ikalia tena. Mngurumo ukarudi, na pamoja nao, bila hata nukta ya kuchelewa, pumzi ya Bramwel.

Mukhwana hakudai malipo yake. Nilimtumia baadaye, akayarudisha.

Nje, Bramwel aliketi juu ya ngazi, akapangusa uso kwa koti. Langoni, Phelista alikuwa akimtazama.

"Wakili," Bramwel alininong'oneza, "mimi si mtu wa kuamini mambo ya wazee, bana. Niko na kompyuta tano. Lakini hiyo kitu ikizimwa, ni mimi nakufa."

"Umemwona daktari?"

"Watatu. Ati mapafu iko safi kama ya mtoto."

"Ilianza lini?"

"Siku nililipa bili ya kwanza. Nilibonyeza tu kile kitufe cha kulipa, nikasikia mtu amenishika hapa." Aligusa chini ya koo. "Chukueni nyumba. Niachieni bili tu. Nitalipa mpaka siku yangu ifike. Mwambie shemeji."

Nilihitimisha kwamba nilikuwa nimemshuhudia mtu mwenye hatia akishikwa na hofu. Hofu hubana kifua. Vitabu vya tiba vinasema hivyo. Kuhusu mngurumo, sikuhitimisha lolote.

Kesi iliisha kwa maafikiano mwezi wa Novemba. Bramwel alitia sahihi kila ukurasa, Phelista akapata hati ya usimamizi na funguo. Bramwel aliomba iandikwe katika amri kwamba akaunti ya umeme haitafungwa kamwe. Nilimjibu kwamba mahakama haitoi amri kwa ajili ya waliozikwa. Alinitazama kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamo ndani lakini hawafungui.

Wiki moja baadaye Phelista alikuja ofisini. Hakuketi.

"Andika barua, kaka. Jina la Festus litoke kwa stima, akaunti ifungwe. Mimi waniwekee hizi mita mpya, za kununua kwanza ndio utumie."

"Na Bramwel?"

"Wewe unaamini ile kitu?"

Nilikumbuka saruji yenye joto. Nilikumbuka pia shahada yangu ukutani.

"Siamini," nilisema.

"Basi andika."

Barua ilinichukua dakika tano. Ilikuwa na aya mbili. Hakuna kosa lolote la kisheria ndani yake. Nimeisoma mara nyingi tangu wakati huo.

Fundi wa kampuni alipangiwa kuja tarehe tisa Desemba, saa nane mchana. Nilikwenda Kitale kama shahidi wa mteja wangu. Kiangazi kilikuwa kimeanza, nyasi zimekauka, hewa haina unyevu hata kidogo. Fundi alikata waya, akafungua skrubu, akaishusha mita ya zamani na kuiweka juu ya ngazi, kwenye jua. Ndani ya nyumba kulikuwa kimya kabisa.

Simu yangu ililia. Jina la Bramwel.

"Wakili, inakataa." Alikuwa akiongea neno moja moja. "Natuma malipo, inarudi. Inasema akaunti imefungwa. Mwambie shemeji. Nitalipa ya mwaka mzima. Nitalipa ya..."

"Bramwel, tulia. Pumua polepole."

"Ndio hiyo," alisema. "Ndio hiyo inakataa."

Nyuma yake nilimsikia mwanamke akipiga mayowe, viti vikianguka. Nilimgeukia Phelista. Alikuwa amesimama mlangoni akiwa na ufagio.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Anasema anakosa hewa. Phelista, fundi bado yuko hapa. Tunaweza kumwambia arudishe."

"Si wewe huamini?"

"Phelista!"

"Dakika hamsini, kaka," alisema. "Nilikimbia mpaka viatu vikabaki barabarani." Kisha akaingia ndani, na nikamsikia akianza kufagia chumba cha kulala.

Ningeweza kumwomba fundi mwenyewe. Nilikuwa na mdomo, na fundi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini ningemwambia nini? Airudishe mita ukutani, kwa akaunti iliyokufa, ili mtu aliye mjini apumue? Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema hilo bila kuchekwa simu ilipokatika.

Edah, aliyemsaidia Bramwel pale saiba, aliandika taarifa polisi. Alisema tajiri wake alijaribu kulipa mara kumi na moja, na kila mara tovuti ilimrudishia pesa zake. Alisema alifariki mkono ukiwa bado juu ya kipanya. Ripoti ya daktari inataja kukosa hewa na haitaji sababu.

Baadaye nilimuuliza Phelista kama alijua. "Wewe uliandika tu," aliniambia. "Mimi ndio nilipeleka." Anaishi katika nyumba ile mpaka leo, na hutumia yuniti chache sana.

Nimeacha jambo moja la mwisho, kwa kuwa nililiona mwenyewe na sikuambiwa na mtu.

Simu ilipokatika, nilitazama chini. Mita ilikuwa pale juani juu ya ngazi, nyaya zake zimekatwa. Kioo chake kilikuwa na ukungu. Fundi aliupangusa kwa kidole gumba. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani. Ulififia, ukarudi. Ukafifia. Ukarudi, mdogo zaidi. Tuliutazama sote wawili mpaka haukurudi tena.

Ulipokauka uliacha alama nyeupe, kama chumvi: midomo ya mtu, iliyo wazi, iliyobanwa kwenye kioo kutoka ndani.

Fundi alikuwa na fomu ya kujaza. Palikuwa na nafasi ya kueleza hali ya mita iliyoondolewa. Alikaa na kalamu hewani kwa muda mrefu, kisha akaandika "Nzuri," na kunipa nitie sahihi kama shahidi.

Nilitia.