Mikebe Sita na Tofali Moja

Tulipokuwa bado tunaishi mtaa wa Kator, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufagia mbele ya duka la mama. Ya pili ilikuwa kumwagilia maua ya Jaja. Ya tatu, ambayo hakuna aliyenituma, ilikuwa kumchelewesha shule Yangi, mtoto wa jirani. Hiyo ya tatu niliifanya kwa bidii kuliko zote.

Maua ya Jaja yalikuwa mmea wa kutambaa uliofunika ua wetu wote wa mabati. Mwalimu wa sayansi alituambia kuwa vitabuni unaitwa klematisi. Ulitoa maua madogo meupe, na yalipopukutika yaliacha manyoya laini, meupe kama nywele za Jaja mwenyewe. Jaja Fortunate, mama yake mama, alikuja nao kutoka kwao Masaka ukiwa kijiti kimoja, umefungwa kwa kitambaa kilicholowa maji. Hata leo, mvua inyeshapo nyuma ya bweni letu, ile harufu ya udongo hunirudisha pale uani, nami humwona Jaja akizungumza na majani kama mtu anayeamsha watoto.

Mwaka mmoja baada ya kumzika Jaja, nikiwa darasa la sita, mwenye kiwanja alikuja na habari. Alitaka kujenga maduka. Tulipaswa kuhama kabla ya Septemba, na ua ungebomolewa.

Mama hakulalamikia nyumba. Aliutazama mmea tu.

"Shina hili limezeeka," alisema. "Tukiling'oa litakufa. Tutaotesha vijiti, twende navyo kwenye nyumba mpya ya Gudele."

Alikata vijiti sita, kila kimoja chenye vifundo viwili. Aliondoa majani ya chini, akavichomeka katika mikebe ya maziwa ya unga yenye udongo na mchanga, akaifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa. Kisha akaipanga barazani, kivulini.

"Josline, hivi ni vyako. Maji kidogo, kivuli, na mkono wako ukae mbali. Usiving'oe kuvitazama. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kusikia nilisikia. Kutii ni somo jingine, na katika somo hilo sikuwahi kupata alama nzuri.

Siku ya tatu niling'oa kijiti cha kwanza nione kama kimeota mizizi. Siku ya nne niling'oa vyote. Baada ya hapo nilivikagua kila asubuhi, kama matroni anavyokagua vitanda vya bweni. Baada ya wiki mbili vilikuwa vyeusi.

"Ya Josline," Yangi aliniita akichungulia, "hapa hakuna mizizi. Kalas, yamekwisha, vimekufa."

"Basi tuvizike kwa heshima."

Tulivipeleka pembeni mwa ua, mahali ambapo tawi moja refu la mmea lilikuwa limelala chini. Yangi alikuwa padri, mimi nilikuwa wafiwa wote. Tuliimba wimbo mmoja, tukavifukia, na juu ya kaburi nikaweka tofali zito ili kuku wasifukue siri yangu.

Kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni akili nyingi. Nilikata vijiti vingine vya kijani, nikavichomeka mikebeni. Vikinyauka, nilikata vingine. Mama alipita kila jioni, akaona majani mabichi, akatabasamu. Kila mteja aliyekuja kununua sukari aliambiwa, "Josline wangu ana mkono wa Jaja yake." Nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtakatifu.

Miezi miwili ilipita hivyo. Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti, mafundi walifika na nyundo.

"Wabomoe tu," mama alisema. "Wajukuu wa Jaja wako mikebeni."

Yangi alinivuta pembeni. "Usiseme kitu. Gudele ni mbali, lori litatingishika. Utasema vimekufa njiani."

Ulikuwa uongo mzuri, na ulinipendeza. Lakini nilipoingia ndani nilimkuta mama akifuta vumbi kwenye picha ya Jaja. Hakujua kuwa niko mlangoni.

"Mama," aliiambia picha taratibu, "usijali. Tunahama na wewe."

Nje, nyundo ya kwanza iligonga bati.

"Mama, mikebeni hamna kitu," nikasema. "Vile vyako viliharibika zamani. Niliving'oa kila siku. Vilivyomo nimevikata jana."

Mama alitoka, akavuta kijiti kimoja. Kilitoka laini, bila mzizi hata mmoja, kama kijiti cha kuchokolea meno. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Vile vya kwanza viko wapi?"

Nilimwongoza hadi kwenye tofali. Mama aliwapigia mafundi kelele wangoje, akainama, akaliinua.

Lile tawi refu lilikuwa limebanwa ardhini na tofali langu. Pale kwenye kifundo, ndani ya udongo wenye unyevu, palikuwa na mizizi myeupe, mingi, imeshikana na ardhi. Kando yake chipukizi lilikuwa limeanza kupanda.

Mama aliketi chini palepale, akacheka huku akilia. Alikata tawi upande wa shina, akachimba pande zima la udongo, akalitia ndani ya ndoo.

"Sikiliza, Josline," alisema akijifuta macho. "Vile ulivyovichungulia kila siku vilikufa. Hili limepona kwa sababu uliogopa kuligusa. Kitu kinachoota kinataka kuachwa. Na kama ungenidanganya hata leo, mizizi hii ingebaki chini ya maduka ya watu. Ukweli wako umechelewa, lakini umefika."

Kisha, kwa kuwa yeye ni binti wa Jaja, ambaye hakuvumilia uongo, alinituma kwa kila mteja aliyesikia sifa zangu nikamweleze mambo yalivyokuwa. Walikuwa kumi na mmoja. Yangi alinisindikiza, akicheka njia nzima.

Sasa nasoma shule ya bweni, na juzi mama alituma picha kwenye simu ya matroni. Ua wa Gudele wote ni mweupe. Chini, pembeni, kuna tawi jingine limelazwa kwenye udongo, na juu yake nimelitambua lile tofali. Mama ameandika hivi: "Usiulize kama limeota. Utaliona ukija."