Ukuta wa Mkunga

Saa kumi na moja na robo jioni, Mwalimu aliwahesabu watalii wake mbele ya lango la bandari kongwe. Kumi na wanne. Lilikuwa kundi la mwisho la siku, na meli yao, kubwa kama mtaa mzima uliosimamishwa juu ya maji, ilikuwa ing'oe nanga saa moja kamili. Kazi ilikuwa ileile ya siku zote: kuwapitisha vichochoroni, kuwaonyesha mizinga iliyoliwa na kutu, kuwatisha kidogo pale kwenye ghala la zamani, kisha kuwarudisha kabla honi haijalia.

Watu walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha historia miaka kumi na sita, mpaka shule yake ilipofungwa. Sasa historia aliifundisha kwa miguu, kwa lugha ya wageni, na kwa maneno ambayo zamani asingethubutu kuyaandika ubaoni.

Siku hiyo alikuwa amefura.

Asubuhi bosi wa kampuni ya utalii alikuwa amemvuta pembeni. "Spika ya kule ghalani imekufa," alisema. "Leo nitaingia ndani mwenyewe nipige ukelele. Ukitamka tu 'akawameza', mimi napayuka. Halafu ongeza chumvi bwana, kundi lililopita walikuwa wanapiga miayo."

"Chumvi niongeze mara ngapi? Nimeshamfanya ale watoto."

"Basi leo ale na mama zao."

Bosi akacheka mpaka tumbo likamtikisika. Mwalimu hakucheka. Angekuwa na kitu kizito mkononi, angemrushia.

Maana huyo mchawi wa ghalani, ambaye wageni walikuja kumchungulia kwenye tundu la ukuta, hakuwa mchawi. Mama yake Mwalimu alikuwa amemweleza mwaka uliopita, kwa sauti ya ugomvi, siku aliposikia mwanawe anasimulia nini huko kazini. "Yule ni mama yangu mkubwa," alisema. "Dada wa mama yangu. Alikuwa mkunga." Ilikuja meli yenye ugonjwa, na mkuu wa bandari akaogopa biashara isifungwe. Akawaficha wagonjwa ghalani, akamwingiza mkunga awauguze. Wagonjwa walipozidi kufa, mkuu aliuziba mlango kwa mawe na chokaa, wazima na wafu humohumo, akautangazia mji kwamba mkunga ni mchawi, amewaua kwa dawa zake. "Mengine usiniulize," mama alimaliza. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za kazi ya mwanawe.

Na Mwalimu aliendelea kusimulia. Aliendelea kwa sababu alihitaji kula. Lakini kila jioni ya meli alirudi nyumbani akijichukia.

Waliingia kichochoro cha kwanza. Wageni walipiga picha paka, wakapiga picha nguo za watu zilizoanikwa. Kwenye ngazi za mawe Mwalimu aligeuka kuwahesabu tena, kama desturi.

Kumi na watano.

Akahesabu upya, akinyooshea kidole. Kumi na watano.

Nyuma kabisa alisimama mwanamke mrefu, amejitanda kitambaa cheusi kichwani. Kidevuni alikuwa na kovu refu. Hakuwa na kamera. Viganja vyake vilikuwa vyeupe mpaka kwenye vifundo, kama vya fundi wa rangi aliyetoka kazini. Mwalimu alidhani ni mkazi wa mtaa ule anayepita njia, akaendelea na maelezo yake: hapo kale, katika mji huu, aliishi mchawi mmoja wa kutisha...

"Uongo."

Neno lilisemwa kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemnong'oneza jirani. Wageni hawakugeuka.

Mwalimu aliendelea. Mchawi huyo aliwaiba watoto wachanga usiku...

"Aliwazalisha. Hao watoto aliwazalisha yeye. Wote."

Sasa sauti ilikuwa karibu. Pamoja nayo ilikuja harufu... chokaa mbichi. Chokaa inayochemka ikimwagiwa maji. Ilimwasha puani mpaka machozi yakamlengalenga.

"Dada," alisema Mwalimu, akijaribu kutabasamu mbele ya wageni wake, "kama una lako, tutaongea nikimaliza. Nipo kazini."

"Na mimi niliambiwa ni kazi tu," mwanamke alijibu.

Mwalimu alitaka kumjibu vibaya. Akatazama viganja vyake tena. Vilikuwa vinafuka moshi.

Akageuka haraka, akatembea. Alisikia viatu vya wageni vikigonga mawe. Vya yule mwanamke hakuvisikia.

Ghala lilikuwa mwisho wa kichochoro, jengo pana lisilo na madirisha. Ule mlango wa zamani ulikuwa bado umezibwa. Ukutani, usawa wa kifua, palikuwa na tundu la kutosha mkono mmoja, na kwa nyuma bosi alikuwa ametoboa upenyo wa mtu kuingilia, akaupachika mlango wa bati. Alikuwa ameshajificha ndani. Mwalimu alimsikia akikohoa.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe ambaye njiani alisema alikuwa muuguzi maisha yake yote, alijitolea kuingiza mkono. Wenzake wakamshangilia. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

Yule mama aliacha kutabasamu.

"Kuna mtu amenishika," alisema. Uso wake haukuwa na hofu, ila mshangao. "Amenishika kwenye mshipa wa mkono. Vidole viwili... Ananipima mapigo."

Wenzake walicheka. Mwalimu alihisi nywele zikimsimama. Bosi hakuwa mtu wa kupima mapigo ya mtu yeyote.

Ndipo ukelele ukatoka.

Mwalimu alikuwa hajatamka neno walilokubaliana. Hakuwa ametamka neno lolote. Ukelele ulipanda, ukakatika, ukapanda tena, na ndani yake kulikuwa na sauti ya bosi ikilia kwa Kiswahili:

"Fungua! Mwalimu, fungua! Mungu wangu... wako wengi!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi. Kijana mwenye kofia akanyanyua simu arekodi, akasema onyesho hili ni zuri kuliko la bandari ya jana.

Mwalimu alikimbilia nyuma ya jengo. Komeo la mlango wa bati lilikuwa wazi, halikufungwa na mtu. Akavuta. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa nguvu zake zote. Bati halikutikisika, kama vile nyuma yake kulikuwa na jiwe.

Mwanamke mrefu alikuwa amesimama kando yake.

"Sema," alisema.

"Niseme nini?"

"Sema ilivyokuwa. Mimi sikusema." Sauti ilimtetemeka, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, hasira iliyokaa muda mrefu mpaka ikaiva. "Unajua, na bado unasimulia uchafu. Sema, la sivyo naye atabaki humo."

Ndani, sauti ya bosi ilikuwa imegeuka kuwa kukoroma.

Mwalimu alirudi mbele ya wageni. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe, alizungumza kama mwalimu. Aliwaambia hakukuwa na mchawi. Aliwaambia kuhusu meli, wagonjwa, mkuu wa bandari, mawe na chokaa. "Aliyefungiwa humu ni bibi yangu," alisema, na sauti yake ikapaa mpaka watu wa ghorofa za jirani wakafungua madirisha. "Alikuwa mkunga. Aliingia humu kutibu watu, wakamfungia, kisha wakamtukana. Na mimi nimemtukana kila meli ilipotia nanga. Nyinyi mmecheka, lakini mimi ndiye niliyewachekesha!"

Makofi yaliisha. Yule muuguzi alichomoa mkono wake polepole. Alikuwa analia.

"Ameniachia," alisema.

Nyuma ya jengo, bati lilifunguka kwa kishindo.

Bosi alitoka akitambaa. Kuzunguka mdomo wake, toka shavu hadi shavu, palikuwa na alama nyeupe ya kiganja, na midomo ilikuwa imebabuka. Mwalimu alimshika kwapani amwinue.

"Ameniambia ninyamaze," alinong'ona bosi. "Ameniambia nisipige kelele... wagonjwa wamelala."

Wageni waliharakisha kurudi melini, wengine wakinung'unika kwamba mwisho wa onyesho ulikuwa na maneno mengi. Mwalimu aliwahesabu langoni. Kumi na wanne.

Nyumbani alifika giza likiingia. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, akichambua mchele kwenye ungo. Mwalimu alimweleza yote, toka mwanzo. Mama alisikiliza bila kuinua macho, vidole vikiendelea kutupa mawe.

"Nimemsafisha, mama," alimaliza. "Yeye mwenyewe alikuja kunisikiliza. Bibi mkubwa."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Ana kovu hapa, kidevuni. Mikono yake imejaa chokaa."

Vidole vya mama vilisimama.

"Mama mkubwa alikuwa mfupi kama mimi," alisema. "Hakuwa na kovu. Uliyemwona ni mama yangu."

Mwalimu hakumjua bibi yake mzaa mama. Alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na hakuacha picha.

"Mkuu wa bandari alihitaji shahidi," mama aliendelea, na sasa kila neno lilitoka kama linang'olewa. "Mji mzima ulimpenda mkunga, nani angeamini? Akamchukua mdogo wake mkunga. Akamwambia: utasema dada yako ni mchawi, au utaingia humo pamoja naye. Mama alisema. Alisimama hadharani akasema dada yake anakula watoto. Kisha wakampa ndoo ya chokaa awashikie mafundi. Siku tatu alikaa nje ya ule ukuta akimsikia dada yake anagonga. Na mama alikuwa na mimba. Ni mimi."

"Mama... mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba uongo unaokulisha wewe ndio ulionizaa mimi?" Aliusukuma ungo, mchele ukamwagika mkekani. "Niliposikia unasimulia yale, nilimsikia yeye. Maneno yaleyale! Watoto, usiku, kula. Nani alikufundisha? Hapana mtu aliyekufundisha!"

Mwalimu alikumbuka alivyokuwa akiyatunga maneno yale bila shida, kama anayeyasoma mahali.

"Aliishia wapi?" mama aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Yule uliyemwona. Alibaki kule?"

Mwalimu hakujua. Hakuwa ametazama nyuma njia nzima.

Kisha akaisikia harufu. Iliingia chini ya mlango, polepole, ikiwasha macho. Chokaa mbichi.

Hakukuwa na hodi. Palikuwa na pumzi tu, upande wa pili wa mbao, pumzi ya mtu aliyetembea mwendo mrefu na anaogopa kugonga.

Mwalimu alinyanyuka, akanyoosha mkono kwenye kitasa. Mama yake, ambaye miguu ilikuwa ikimsumbua mwaka wa nne sasa, alifika kabla yake. Akasukuma komeo. Akauegemeza mgongo wake mlangoni, macho yamemjaa maji, taya zimekaza.

"Ulisimama nje siku tatu ukisikiliza," aliuambia mlango. "Simama tena."