Jogoo wa Kupeleka Sosiot

Katoni ilipasuka mbele ya duka la dawa za mifugo pale Kapsoit, siku ya soko, na vifaranga wakamwagika kati ya miguu ya watu. Mwenye katoni alikuwa Tabby Wanjuhi, msichana wa gauni la manjano na raba nyeupe zisizofaa tope, naye alikuwa akicheka badala ya kulia. Zack Mokaya, afisa wa mifugo aliyekuja kujinunulia soda tu, alijikuta amepiga magoti akikamata vifaranga na kuwatia kwenye kofia yake.

"Unajua kukamata," Tabby alimwambia.

"Ni kazi yangu. Unawapeleka wapi?"

"Kwangu, Kericho mjini. Nawafuga nyuma ya nyumba."

"Uko na kibali?"

"Nilidhani utaniuliza jina kwanza."

Aliliuliza jina, akapewa pamoja na namba ya simu. Tangu hapo waliongea kila jioni mpaka simu zikawa moto sikioni. Tabby, aliyekuwa na saluni ndogo mjini, alimwita Zack Daktari wa Kuku. Zack, mtu mzito wa kucheka, akawa anatabasamu peke yake ofisini kama aliyelishwa kitu. Hakuwa mtu mbaya. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana huko mbele atashawishika kulisahau.

Tatizo lilikuwa ule ua wa Tabby. Mtaani kwao mtu hafugi kuku bila kibali. Banda liwe mbali na dirisha la jirani, kuku wachanjwe kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda zima, na baada ya chanjo wakae wiki kadhaa bila hata mmoja kutolewa nje ya ua. Hapo ndipo afisa hukagua na kutia sahihi. Jirani alikuwa ameshalalamikia kelele za jogoo, na askari wa kaunti walikuwa wameahidi kuja Jumatatu kuwabeba kuku wote.

Zack alifika Ijumaa, mvua ikinyunyiza. Chanjo ilikuwa haijamaliza hata wiki. Chini ya ubao, mbali na wenzake, tetea mmoja alikuwa amesinzia, mabawa yameshuka, na kinyesi chake kilikuwa cha kijani.

"Huyu ana nini?"

"Ni baridi tu, babe. Hata mimi hii mvua imenishika."

Zack alimtazama yule tetea kwa muda mrefu. Alikuwa ameona mabanda mengi yakianza hivyo, na alijua yalivyomalizika. Kisha akamtazama Tabby, amejifunga leso begani, macho yamejaa hofu ya Jumatatu. Akatia sahihi. Alimwambia tu amtenge yule mgonjwa, na sababu hakuisema.

Jumapili ilikuwa siku ya Tabby kwenda Sosiot kujulishwa kwa mama yake Zack, mjane Esnah, aliyelima majani chai kidogo na kufuga kuku wa kienyeji waliojulikana soko zima. Zack alikuwa amemweleza waziwazi kwamba mama akimkataa msichana, hakuna harusi. Tabby hakulala vizuri wiki nzima. Alifika kwa bodaboda, gauni la kijani limepigwa pasi, kiondo mkononi, na kwenye mdomo wa kiondo ukachungulia upanga mwekundu wa jogoo kutoka ua wake.

Zack, aliyekuwa ametangulia kufika, alimwona Tabby akiwa bado langoni. Kutoka langoni hadi mlangoni pana bustani ya sukuma, pana nafasi ya kutosha ya mtu kusema, "Tabby, huyo usimwingize." Lakini mama alikuwa ameshatoka na kitambaa chake cha kanisani, mikono ameinyoosha, na kumrudisha mgeni na zawadi yake ni aibu ambayo Zack hakuiweza. Akajiambia jogoo anaonekana mzima. Mama Esnah alimshukuru Mungu kwa sauti, akamfungua jogoo kamba, akamwachilia kati ya kuku wake. Walikula ugali wa wimbi na mboga, wakacheka sana. Zack peke yake alikuwa akitazama dirishani.

Jogoo alikufa kwanza. Kisha matetea wakaanza kupinda shingo, mmoja baada ya mwingine, na ua wa Sosiot ukanyamaza. Majirani nao wakapoteza wao. Wanawake wa kanisa walisema msichana wa Zack ana mkono mbaya wa kuleta mkosi, na Mama Esnah, katika uchungu wake, akasema hivyo hivyo. Aliacha kupokea simu za Tabby.

Tabby alimuuliza Zack amekosea nini. Zack akajibu kwamba mama amechoka, atapoa. Alijibu hivyo mara nyingi, na kila mara nilitamani kumzaba kofi.

Asubuhi moja Tabby alimpigia, sauti haina utani wowote.

"Kuku wangu wanakufa, Zack. Wanapinda shingo. Wa mama walikufa aje?"

"Hivyo hivyo," Zack akasema.

"Yule tetea alikuwa amesinzia. Ulijua ni kideri?"

"Nilishuku. Nilitaka tu askari wasikubebee kuku."

"Hiyo naweza kuelewa. Lakini Jumapili uliona jogoo kwa kiondo. Uliniona nikimbeba."

"Niliona."

"Na nasikia wameniita mkono mbaya, na wewe umenyamaza." Akakata simu.

Siku hiyo Zack aliifanya kazi aliyopaswa kuifanya mwanzo. Alienda ofisini akajishtaki, kibali kikafutwa, yeye akasimamishwa kazi. Kuku wa Tabby waliobaki waliuawa na kuzikwa kwa chokaa, Tabby mwenyewe akitazama. Kisha Zack akaenda Sosiot, akamweleza mama yake kila kitu. Mama hakumkemea. Alichukua simu, akampigia Tabby, akaiweka mezani kwa spika.

"Tabby, ni mama. Zack ameniambia yote. Nilikuita mtu wa mkono mbaya mbele ya watu. Nisamehe, msichana wangu."

Kilio cha chini kikasikika.

"Nimekusamehe, mama. Na pole kwa kuku zako."

"Basi kuja Jumapili. Hapa ni kwenu."

Zack alisogea karibu na simu, tumaini limemjaa usoni.

"Nitakuja, mama. Nataka sana kuja. Lakini nitakuja siku Zack hayuko."

Mama Esnah alimtazama mwanawe.

"Sawa," akasema. "Kuja Jumapili. Nitamwambia asikuje."